Usilipe Nauli ya Udongo Wako Mwenyewe

Mavuno yakiisha na pesa kidogo zikipatikana, wengi wetu hugeukia boma. Huu ndio wakati wa kung'oa ua wa zamani, kukata mikaratusi inayoziba jua, kubomoa banda la kuku lililooza, na kutengeneza upya bustani ya mboga iliyo mbele ya nyumba. Ni kazi nzuri, maana boma safi ni heshima ya mwenyewe. Lakini siku ya tatu ya kazi hiyo kila mtu hukuta jambo lile lile: lango limezibwa na lundo la matawi, udongo, mawe, magugu na mabati yenye kutu. Hapo ndipo swali huja: nani ataliondoa lundo hili, na kwa bei gani?

Huko Uingereza mwenye nyumba anayetengeneza bustani yake hukodi sanduku kubwa la chuma. Gari hulileta na kuliacha mlangoni siku kadhaa, naye hulijaza, kisha gari hurudi kulichukua. Sisi tulio katika skimu za makazi, sanduku letu ni trela la trekta, au tipa la mtu wa sokoni. Lakini kanuni ya malipo ni ile ile. Unalipa kwa nafasi na kwa safari. Gari halijui kama limebeba mali au limebeba takataka. Nauli ni moja.

Maoni yangu ni haya, nami nayasema waziwazi: wengi wetu hulipa gari lituondolee mali yetu wenyewe. Katika lundo lile la langoni, takataka ya kweli ni sehemu ndogo sana. Iliyobaki ni rutuba, kuni, fito na mawe ya kujengea. Mkulima mwenye busara hutenga kwanza, hutumia kinachotumika, kisha hukodi gari kwa ajili ya masalio tu, tena hukodi pamoja na jirani zake.

KOSA LANGU

Nasema hivi kwa sababu kosa hili nimelifanya mimi. Miaka michache iliyopita nilitengeneza boma langu upya. Niling'oa ua wa kaiyaba uliopandwa na marehemu baba, nikabomoa ghala la zamani, nikakwangua mahali pa bustani ili pawe sawasawa. Nilikuwa na haraka, maana wageni wa posa ya binti yangu walikuwa wanakuja. Nikaita tipa. Tulipatana bei kwa safari, wala sikuuliza jambo lingine. Vijana wakapakia kila kitu kwa mabeleshi, matawi na udongo na mabati pamoja. Zilikwenda safari nne, na pesa nilizokuwa nimeziweka kwa mbolea ya kupandia zikaisha.

Wageni waliona uwanja safi wakausifu. Msimu uliofuata nikapanda sukuma wiki na vitunguu pale palipokwanguliwa. Miche ilidumaa, majani yakawa ya manjano. Nikachukua jembe nikachimba, na chini ya inchi moja nikakuta udongo mwekundu mgumu. Ule mweusi, uliolimwa na mama yangu miaka thelathini na kutiwa samadi kila mwaka, ulikuwa umekwenda na tipa. Nilikuwa nimelipa nauli yake mimi mwenyewe.

Hasara haikuishia hapo. Mvua kubwa iliponyesha, jirani anayekaa upande wa chini alinijia ameshika kipande cha bati. Dereva alikuwa amemwaga sehemu ya mzigo wangu kando ya mto, akaenda zake. Maji yakabeba mabati na nyaya hadi malishoni, na ng'ombe wa jirani akakatwa kiwele. Jirani hakumjua dereva. Lakini aliyajua matawi ya kaiyaba yaliyolala pale pamoja na mabati, maana ua wa namna ile katika upande wetu ulikuwa wangu tu. Nikamlipia daktari wa mifugo, na mimi na wanangu tukaokota takataka siku mbili mtoni.

Hesabu mwenyewe: nauli, mbolea niliyokosa, mboga zilizodumaa, na daktari wa ng'ombe asiye wangu. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi sikuuacha tu. Niliukodia gari.

TUJUE TUNALIPIA NINI

Yafaa kufahamu jinsi mzigo unavyopimwa, maana hapo ndipo pesa hupotea. Chukua trela lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2, na kimo cha nusu mita. Nafasi yake ni mita 3 za ujazo. Udongo wenye unyevu, mita moja ya ujazo hukaribia tani 1 na robo, au hata tani 1 na nusu. Basi ukilijaza trela hilo udongo hadi juu, umelitwika karibu tani 4 au zaidi. Trela la tani 3 halifai kubebeshwa hivyo. Mwenye trekta aliye mwangalifu atakataa kulijaza, nawe utalipa safari ya pili. Asiye mwangalifu atavunja ekseli njiani, nanyi mtagombana.

Matawi ni kinyume chake. Matawi yaliyotupwa ovyo hujaza trela upesi, lakini ndani mna hewa tupu. Ukiyakata vipande vya urefu wa mkono na kuyalaza upande mmoja, mzigo uliokuwa wa trela mbili mara nyingi huingia katika moja. Kwa maneno mengine, anayepakia bila kupanga analipa nauli ya upepo.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, kwamba safari moja ni shilingi 3,000. Lundo la boma lina udongo wa safari 2, matawi ya safari 2, majani na magugu ya safari 1, mawe na matofali ya safari 1, na vitu visivyofaa vya nusu safari. Asiyetenga ataita gari mara 7, maana nusu safari hulipiwa kama nzima. Hizo ni shilingi 21,000. Aliyetenga ana nusu safari tu ya kuondoa. Akishirikiana na jirani mwenye nusu nyingine, atalipa shilingi 1,500. Tofauti ni shilingi 19,500. Toa humo malipo ya kibarua wa siku chache wa kukata na kupanga, kwa bei ya kwenu. Bado utabakiwa na pesa za mbolea, au sehemu nzuri ya karo.

MAFUNGU MATANO

Kutenga hakuongezi kazi kama ukianza siku ya kwanza. Taabu huja pale unapochanganya kwanza kisha ukataka kuchambua baadaye. Basi kabla jembe halijagusa chini, weka vigingi mahali patano, na kila mtu anayefanya kazi aonyeshwe kila fungu ni la nini.

Fungu la kwanza ni udongo wa juu. Huu uondoe kabla ya kazi nyingine yoyote, uuweke peke yake mahali pasipopita maji, na uufunike kwa nyasi kavu au mabua ili mvua isiuchukue. Kazi ya kusawazisha ikimalizika, urudishe juu ya matuta ya bustani. Udongo mgumu wa chini usiuchanganye na huu. Ule wa chini utafaa kujaza mashimo ya njia.

Fungu la pili ni miti na matawi. Magogo na vishina ni kuni za miezi mingi. Vijiti vilivyonyooka ni fito za kuegemeza nyanya na maharage. Matawi ya miiba hutumika kuziba mianya ya ua na zizi, mradi yasiachwe njiani penye kwato za wanyama na magurudumu. Hata yale yaliyopinda yana kazi. Kama shamba lako lina korongo linalochimbwa na mvua, pigilia vigingi kuvuka korongo, kisha ushindilie matawi nyuma ya vigingi hivyo. Maji yatapunguza mwendo na kuacha matope yake pale. Hivyo taka ya boma itakuwa imezuia udongo wa shamba usitoroke.

Fungu la tatu ni majani, nyasi na magugu laini. Hili ni fungu la mboji. Tandika chini mabua au vijiti ili hewa ipite. Juu yake weka majani mabichi, kisha majani makavu, kisha samadi na udongo kidogo, na unyunyize maji. Rudia hivyo hadi lundo lifike kimo cha mita 1 na nusu hivi. Chomeka kijiti kirefu katikati. Ukikichomoa baada ya siku chache ukakikuta cha moto, mboji inafanya kazi. Baada ya majuma mawili au matatu ligeuze lundo. Kwa kawaida mboji huwa tayari baada ya miezi mitatu, na penye baridi nyingi hukawia zaidi.

Lakini yako mambo ya kuangalia katika fungu hili. Mizizi ya sangari usiitie ikiwa mibichi, maana itaota tena na kukurudisha nyuma mwaka mzima. Ianike juani mpaka ivunjike kama kijiti. Viazi na nyanya zilizokufa kwa mnyauko usizitie kabisa. Majani ya mikaratusi huoza polepole, kwa hiyo yasiwe mengi. Tena matawi ya lantana usiyatupe malishoni, maana ni sumu kwa mifugo, na ng'ombe mwenye mimba asiachwe kula matawi ya saipresi, maana yaweza kumfanya atupe mimba.

Fungu la nne ni mawe, matofali yaliyovunjika na vipande vya zege. Yajaze pale langoni panapogeuka matope kila masika, chini ya bomba la maji, na mahali ng'ombe wanaposimama kunywa. Mkulima mmoja hulipa gari limtolee mawe, na mwezi ujao hulipa gari lile lile limletee mawe ya kujaza lango. Tusicheke, maana jambo hili ni la kawaida.

Fungu la tano ndilo takataka ya kweli: plastiki, nyaya, glasi, mabati yasiyofaa, betri na chupa za dawa. Hata hapa chambua. Vyuma na mabati huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Chupa za dawa za mimea zisuze mara tatu, maji ya kusuzia uyatie ndani ya bomba la kunyunyizia, kisha zitoboe ili asije mtu akazitumia kwa maziwa au maji. Nguzo za ua zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa usizifanye kuni za kupikia, maana moshi wake na majivu yake yaweza kuwa na sumu. Na kama nyumba yako ni ya zamani na ina paa la asbesto, usilivunje wala kulikata. Vumbi lake huharibu mapafu. Kazi hiyo ni ya watu wenye leseni ya NEMA.

KUKODI KWA PAMOJA

Fungu la tano likibaki peke yake, utaona ya kuwa ni dogo. Kumwita mwenye trekta kwa mzigo mdogo ni hasara. Basi fanyeni harambee. Majirani wanne au sita wakubaliane juma moja la kiangazi, kabla barabara hazijawa matope. Kila mmoja aweke masalio yake katika magunia karibu na njia. Trela lipite mara moja likusanye yote, na kila mmoja alipe kwa idadi ya magunia yake. Chama cha ushirika au kikundi cha kina mama chaweza kusimamia jambo hili vizuri, maana vina daftari na watu wanaaminiana. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya kupatana na mwenye gari, muulize maswali haya. Trela lako lina urefu, upana na kimo gani? Bei ni ya safari, ya siku, au ya umbali? Nani atapakia, wewe na taniboi wako, au sisi? Kama gari likingoja, kuna malipo? Je, una leseni ya kubeba takataka? Na swali kubwa kuliko yote: utamwaga wapi? Kama jibu ni "mimi najua mahali", usikubali. Uliza ofisi ya mazingira ya kaunti au ofisi ya wadi mahali palipoidhinishwa, na mmoja wenu apande garini akaone kwa macho. Lipeni sehemu mwanzo, na salio baada ya mzigo kumwagwa panapostahili. Siku hizi tunalipa kwa simu, na ujumbe ule ni risiti yako. Usiufute.

Tena jambo hili la kutenga si hiari ya moyo mwema tu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitengwe, zile za kuoza mbali na zisizooza. Mkulima anayepanga mafungu yake langoni anatii sheria, na papo hapo anajiokoa na hasara.

WANAOPINGA

Najua wako watakaonipinga. Wa kwanza atasema, "Kwa nini nisumbuke? Kiberiti ni bei rahisi." Ni kweli kiberiti ni rahisi, lakini moto hupeleka hewani naitrojeni ile ile unayoinunua dukani katika gunia la mbolea. Majivu yanayobaki yana faida kidogo, lakini upepo huyachukua. Na moshi wa plastiki huingia vifuani mwa watoto wako. Tena nani asiyejua shamba la ngano au msitu ulioungua kwa sababu mtu alikuwa anachoma magugu?

Wa pili atasema, "Lundo la mboji litaleta panya na nyoka bomani." Nakubali kwamba lundo lililosahauliwa litawaleta. Lakini lundo linalogeuzwa kila baada ya majuma machache ni la moto na halina utulivu. Usitie nyama wala mabaki ya chakula kilichopikwa, na uliweke karibu na shamba badala ya mlango wa jikoni.

Wa tatu atasema, "Mimi shamba langu ni dogo, sina nafasi ya mafungu matano." Kwako mzee, au kwako mama, najibu kwa heshima: mwenye shamba dogo ndiye asiyeweza kabisa kupoteza udongo. Mwenye ekari hamsini akipoteza toroli kumi za udongo mweusi hatajua. Mwenye nusu ekari amepoteza bustani nzima ya mboga. Kama nafasi ni ndogo, fanya kazi kwa zamu. Ng'oa ua wa upande mmoja, umalize mafungu yake, kisha uende upande wa pili.

UDONGO ULIKUWA NDANI YA BEI

Nitamaliza kwa kukumbusha jambo moja. Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, familia zipatazo 35,000 zilipata makazi katika mashamba yaliyokuwa ya Wazungu. Hawakupewa bure. Walichukua ardhi kwa mkopo, na wengi walilipa deni hilo miaka mingi, kwa pesa za maziwa, za pareto na za mahindi. Wako waliokufa kabla ya kumaliza, na watoto wao wakalipa. Kilichonunuliwa kwa taabu ile si ramani wala vigingi vya mipaka. Kilichonunuliwa ni ule udongo mweusi wa inchi chache unaolisha kila kitu. Ulikuwa ndani ya bei.

Mimi niliutoa katika boma langu kwa siku moja, nikalipa mtu auchukue. Imenichukua misimu mitano ya samadi na mboji kuirudisha bustani ile karibu na hali iliyokuwa nayo, na bado haijafika. Sitaki kosa hili likupate wewe.

Basi, mkulima mwenzangu, kabla hujampigia simu mwenye tipa, chukua vigingi vitano uende navyo uwanjani. Visimamishe. Waonyeshe watoto na vibarua kila fungu ni la nini. Kisha anza kazi. Siku ya mwisho litazame fungu la tano, ulipime, na umwite jirani mlikodie gari pamoja. Hilo peke yake ndilo la kulipiwa nauli.